Nani Akabidhiwe Dimba la Kati?

Taifa Stars ilikwenda Afcon kule Morocco ikarudi na pointi mbili, na pointi hizo mbili zimetosha kuwagombanisha wanywa chai wote kati ya Kasulu na Kibondo. Tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, tukatoka tena 1-1 na Tunisia, tukapenya hatua ya mtoano kwa mlango wa washindi wa tatu, na tarehe 4 Januari 2026 tukafungwa 1-0 na wenyeji kwa bao la Brahim Díaz. Kufika hatua hiyo hakukuwahi kutokea. Mwaka 1980 kule Nigeria tuliishia makundi. Mwaka 2019 kule Misri tulifungwa mechi zote tatu. Januari 2024 kule Ivory Coast tuliambulia sare mbili tukafunga mizigo. Safari hii tumevuka makundi kwa mara ya kwanza, tena bila kushinda hata mechi moja, kwa hiyo anayetaka kusifu ana hoja na anayetaka kulaumu anayo vilevile.

Mwaka 2027 fainali zinakuja kwetu, Kenya na Uganda. Mwenyeji hahangaiki kufuzu. Muda wote uliobaki ni wa kupanga kikosi, na kila ukikaa mahali penye redio utasikia swali lilelile: dimba la kati ashike nani?

Ubishi huu nimeusikia vipande vipande, stendi ya Kasulu, Makere, Kifura, na kwenye vibanda umiza vya Kibondo ambako mvua ikinyesha juu ya bati mtangazaji hasikiki na kila mtu anakuwa mtangazaji. Hapa nimeuunga uwe mjadala mmoja wa sauti nne, nikiwaita wasemaji kwa kazi zao. Mwalimu ni wa Kasulu, anafundisha sekondari na kusimamia timu ya shule kwenye mashindano ya Umisseta; anajidai hana timu, lakini ni Yanga. Fundi ni wa Kibondo, anatengeneza pikipiki. Mama ana mgahawa Makere, ni Simba wa damu, na hajawahi kuficha. Dereva anapakia maharage, anakula haraka, anaondoka. Yeye huwa na habari za mbali.

MWALIMU: Tuanze na kinachoonekana. Morocco tumefunga mabao matatu. La Nigeria alifunga Charles M'Mombwa, la Uganda Simon Msuva kwa penalti, la Tunisia Feisal Salum, yule Fei Toto. Mawili kati ya hayo ni ya viungo. Rudi nyuma mpaka Septemba 2024, tulipoifunga Guinea 2-1 kule Yamoussoukro kwenye mechi za kufuzu. Nani walifunga? Fei Toto na Mudathir Yahya, viungo tena. Timu hii roho yake iko katikati. Mpeni Fei mpira, wengine wamzunguke.

FUNDI: Hesabu yako nzuri, mwalimu, ila umejibu swali ambalo sikuuliza. Kiungo akifunga, maana yake alikuwa kwenye boksi la wenzake. Nyuma alibaki nani? Na Nigeria tumesawazisha dakika ya 50. Dakika ya 52 Lookman katufunga. Na Uganda tumeongoza mpaka dakika ya 80, Ikpeazu akasawazisha, na Allan Okello asingepaisha ile penalti ya mwishoni, leo tusingekuwa hapa tunajadili mafanikio. Timu haina mtu wa kuiambia itulie. Mimi namtaka Novatus Dismas pale mbele ya mabeki, na asivuke mstari wa kati hata akiitwa na mama yake.

MAMA: Mama yake mwache alivyo.

MWALIMU: Novatus unamchezesha popote. Leo beki wa kushoto, kesho kiungo, keshokutwa beki wa kati. Mtu wa kila mahali hana mahali.

FUNDI: Sisi ndio tunamhamisha, si yeye aliyeomba. Kijana aliyezaliwa 2002, katoka Azam, kaenda Israel, kaenda Ubelgiji, kacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa kwa mkopo Shakhtar Donetsk, sasa yuko Göztepe ya Uturuki. Mtu wa namna hiyo ukimpata unamwambia kazi yako ni moja, na unamwachia jezi ya namba sita mpaka aichoshe.

Hapa niingilie kidogo. Kazi ya kiungo mkabaji kwa mashabiki wetu haina shangwe. Mudathir akifunga anaweka mkono sikioni kama anapiga simu, na watoto wa Kibondo wote wanajua kupiga simu ile. Hakuna mtoto anayeiga jinsi kiungo alivyoziba njia ya pasi, kwa sababu pasi yenyewe haikupigwa na hakuna kilichoonekana. Nadhani Khalid Aucho, Mganda aliyekuja Yanga mwaka 2021, ndiye aliyetufundisha kumwona mtu wa aina hiyo, na alitufundisha siku ambazo hakucheza. Yanga bila yeye ilikuwa na wachezaji wazuri waliosimama mbalimbali. Lakini Aucho ni Mganda, na hapo ndipo Mama alipoingia kwa nguvu zote.

MAMA: Nyie mnagombea kiti chenye wenyewe. Nitajieni waliokalia katikati ya Simba na Yanga miaka hii. Kwangu: Chama, Mzambia. Fabrice Ngoma, Mkongo. Ahoua, wa Ivory Coast. Kwenu, mwalimu usiye na timu: Aucho, Mganda. Aziz Ki, wa Burkina Faso. Pacôme, wa Ivory Coast. Kanuni inaruhusu wageni 12 kwa klabu, na klabu zetu kubwa wageni hao zinawapa uti wa mgongo wote. Mtoto wa Kitanzania anabaki kupasha misuli moto pembeni ya uwanja. Halafu kila kombe likikaribia tunashangaa kiungo wetu yuko wapi. Yuko pale, kavaa kizibao cha benchi.

MWALIMU: Mama, tusiwafukuze wageni kwa hasira. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, ikalikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Simba yako ikafika fainali hiyohiyo 2025 dhidi ya Berkane. Kabla ya wageni hawa tulikuwa tunafika wapi? Na Stars yenyewe: kati ya Afcon nne za mwisho tumecheza tatu. Baada ya 1980 tulikaa miaka 39 bila kuonekana. Wachezaji wetu wamepanda kwa sababu mazoezini wanakutana na watu wa kiwango. Mudathir amekaa na Aucho katikati ya Yanga, akajifunza hapohapo.

MAMA: Mudathir mmoja. Haya, na Fei je? Alikuwa wapi alipokuwa Fei kweli?

MWALIMU: Azam.

MAMA: Azam! Aligombana na Yanga mwisho wa 2022, nchi nzima ikamsema, akaenda Azam katikati ya 2023. Msimu wake wa kwanza akafunga mabao 19 ya ligi. Aliyemzidi nani? Aziz Ki, mabao 21, mtu yuleyule ambaye angebaki kugombea naye nafasi. Fei alipata alichokuwa anakitaka: timu inayomtafuta yeye kwanza kila mpira unapookotwa.

Mwalimu hakujibu hapo, na mimi sidhani kuna jibu jepesi. Wageni wameinua ligi; hilo lipo. Wameinua pia bei ya kosa, kwa sababu kocha wa Simba au Yanga akifungwa mechi mbili anatafutiwa tiketi ya ndege, na kocha aliye katika hali hiyo hamjaribu kijana wa miaka 19 katikati ya uwanja. Atamjaribu winga, maana winga akipoteza mpira uko pembeni, mbali na goli lake. Kiungo akipoteza, mabeki wako uchi.

DEREVA: Hilo mnalobishania nililiona Kampala, kwenye raga.

FUNDI: Raga! Unaijua raga wewe?

DEREVA: Nusu. Lakini nusu hiyo inatosha. Julai 2025 palikuwa na fainali ya Afrika pale Namboole, Zimbabwe na Namibia. Wale watu wanaangushana, wanarundikana juu ya mpira, na kila rundo likitulia anakuja mmoja, namba tisa, anauchomoa na kuamua uende kulia au kushoto, upigwe mbele au ushikwe. Wenye kazi hiyo kwa kawaida si wakubwa wa mwili, ila ndio wanaowapangia kazi wenye miraba minne. Zimbabwe ilishinda 30-28, ikafuzu Kombe la Dunia la 2027 kule Australia, mara ya kwanza tangu 1991. Na nahodha wao, Hilton Mudariki, ndiye huyo namba tisa.

MWALIMU: Kwa hiyo?

DEREVA: Kwa hiyo mwaka wa nyuma yake walikuwa mabingwa vilevile, palepale Kampala, na kocha yuleyule, Piet Benade. Hawakumtafuta namba tisa wiki ya mwisho. Mnaniuliza nani, mimi nawauliza tangu lini.

Akamaliza chai yake. Huwa sipendi sana mtu anayekuja na mfano wa mchezo mwingine kuumaliza ubishi wa watu, lakini huu umenikaa. Umati unapobishana kuhusu kiungo, hubishana kuhusu kipaji: nani ana mguu, nani ana mapafu, nani anakaba. Kumbe nafasi hiyo kuliko zote inahitaji mazoea. Kipa anaweza kuitwa Jumatatu akadaka Ijumaa. Mshambuliaji kama Samatta anaweza kutua na ndege usiku na kufunga kesho yake kwa sababu goli halihami. Kiungo lazima ajue beki wake wa kulia hupenda mpira mguuni au mbele, ajue winga wake akishika kiuno amechoka au anadanganya. Hayo hayafundishwi kwenye kambi ya siku nne.

Ushahidi tunao nyumbani. Agosti 2025 kwenye CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, kikosi kilikaa kambini pamoja, viungo wakazoeana. Tuliifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, tukatoka 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mechi nne, bao moja tu limeingia. Morocco ikatutoa robo fainali 1-0 na ikaenda kulichukua kombe.

FUNDI: CHAN haina Lookman, ndugu mwandishi.

Haina. Nakubali. Lakini wala Madagascar haikuwa timu ya kubeza, maana ndiyo iliyocheza fainali na Morocco pale Nairobi. Na kocha aliyefanya kazi hiyo, Hemed Suleiman, alikuwa ameondoka kabla hatujafika Afcon. Novemba timu akapewa Miguel Gamondi, Muargentina aliyewahi kuifundisha Yanga. Gamondi alifanya vizuri kwa muda aliopewa. Muda aliopewa ndio ninaouzungumzia.

Baada ya hapo maneno yakahamia nyumbani, kama yanavyohamia siku zote.

FUNDI: Mimi nina swali la kwetu. Mkoa huu wa Kigoma umetoa wachezaji. Mbona hautoi kiungo?

MWALIMU: Umetoa Juma Kaseja.

FUNDI: Kipa! Nimesema kiungo.

MWALIMU: Kaseja wa 2003 usimwite kipa tu. Simba ilimvua Zamalek ubingwa wa Afrika pale Cairo kwa penalti, na mikono ilikuwa yake.

MAMA: Hapo mwalimu umesema kweli mara ya kwanza leo.

FUNDI: Sawa, lakini angalia viwanja vyetu. Cha kwetu kimeinama, upande mmoja unacheza mteremko, mwingine mlima. Mpira ukipigwa chini unakutana na kisiki, unaruka. Mtoto mwerevu anajifunza haraka: ukipata, piga mbele, kimbia. Ndiyo maana tunatoa watu wa mbio na tunatoa makipa, maana kipa anazoea mpira usiotabirika. Pasi ya mita tano pale kwetu ni kamari.

MWALIMU: Brazil nao wanacheza mchangani.

FUNDI: Mchanga ni tambarare, mwalimu. Njoo Kibondo mwezi wa tatu uone udongo mwekundu.

Fundi ana hoja, na kuna nyingine kubwa zaidi ambayo hakuitaja. Kijana wa Kasulu akitaka kuonekana na kocha wa Ligi Kuu anakwenda Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma mjini, kiasi cha kilomita 90. Wa Kibondo, zaidi ya 200. Mashujaa ilipopanda daraja mwaka 2023 kwa kuiondoa Mbeya City kwenye mchujo, mkoa mzima uliona umepata mlango. Aprili 2024 ikaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwa penalti, palepale ziwani, na Mama anadai hakupika siku ile. Lakini Mashujaa ni timu ya jeshi, inatafuta wachezaji popote walipo, na kazi yake ya kwanza ni kubaki kwenye ligi. Timu inayopigania kubaki haina msimu wa kumpa kijana wa miaka 17 kutoka Kifura akosee katikati ya uwanja. Sisemi wanafanya vibaya. Nasema klabu moja ya Ligi Kuu kwa mkoa mzima haiwezi kuwa pia shule yake.

MAMA: Na yule wa Australia?

Nilijua atatajwa. Nestory Irankunda alizaliwa Februari 2006 mkoani Kigoma, kambini, kwa wazazi Warundi waliokimbia vita. Akapelekwa Australia akiwa mdogo, akang'ara Adelaide United, Bayern Munich wakamsajili, kisha Watford ya Uingereza. Juni 2024 aliichezea Australia na kuifungia.

FUNDI: Wa kwetu yule. Kibondo tulikuwa na Nduta, Kanembwa, Mkugwa, Karago.

MWALIMU: Na sisi Kasulu tulikuwa na Mtabila, Muyovosi, na Nyarugusu ipo mpaka leo. Kwa nini awe wa kwenu?

FUNDI: Kwa kasi yake. Yule ni mtoto wa mlima.

MAMA: Mnamgombea leo yuko Watford. Angebaki hapa, kati yenu nani angemwita mtoto wa nyumbani? Si mngesema ni mkimbizi, arudi kambini?

Watu walicheka, lakini si sana. Mwalimu alisema timu yake ya shule imewahi kupigwa mabao mengi na vijana wa Nyarugusu, na kwamba katikati ya timu ile alikuwepo kijana aliyekuwa akigeuza uwanja kwa mguu mmoja. Jina hakulijua. Fomu ya mashindano inataka mwanafunzi wa shule yako, basi hakumwuliza. Wala Irankunda si wa pekee: Awer Mabil alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, naye akaenda kuichezea Australia Kombe la Dunia la 2022. Ukizipanga kambi za Afrika Mashariki kwa wachezaji waliozaliwa humo, unapata safu nzuri ya mbele ya nchi nyingine. Kumdai Irankunda hatuwezi. Wazazi wake walikuwa na nchi yao, na nchi iliyomlea ni nyingine. Ninachokiona mimi ni kwamba kipaji kile kilipata klabu, ratiba ya kila wiki na kocha yuleyule kwa miaka, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtoto wa Kibondo mwenye kitambulisho halali naye hana.

Turudi kwenye kikosi, maana kila mtu alidai atoe viungo wake watatu kabla chai haijaisha.

MWALIMU: Novatus chini, Mudathir kando yake, Fei mbele yao. Na wacheze hao hao kila mechi ya kirafiki kuanzia sasa mpaka 2027, tushinde tufungwe.

MAMA: Fei na Mudathir sawa. Wa tatu simjui jina. Ana miaka 18 sasa, yuko kwenye benchi la mtu. Atolewe kwa mkopo msimu mzima aende timu atakayocheza mechi 30, hata kama ni Mashujaa, hata kama watatufunga tena.

FUNDI: Mimi Novatus na Mudathir wote wawili wakae chini, M'Mombwa mbele kwa sababu anarudi kukaba. Fei aingie dakika ya 60, watu wamechoka.

MWALIMU: Fei benchi? Aliyetupitisha kwa bao la Tunisia?

FUNDI: Benchi.

Mimi niko na Mwalimu kwa majina na Mama kwa mpango. Fei huwezi kumweka nje katika nchi yenye wafungaji wachache namna hii, lakini Mama peke yake ndiye aliyefikiria kwamba 2027 ina 2028 nyuma yake. Kiungo Himid Mao na kizazi chake wameshatumika vya kutosha.

MWALIMU: Hebu fundi, nikuulize kwa lugha yako. Pikipiki ukiitoa injini, unabaki na nini?

FUNDI: Breki. Ndizo tulizozikosa na Nigeria.

MAMA: Ndiyo maana hiyo yako haijawahi kufika Kasulu.